Leodgar Wanzagi, Mpima Hewa Aliyetamani Kukaa Kwake

Lau marehemu ndiye angekuwa anasoma maneno haya, kabla ya yote angewaomba mlioketi chini ya turubai msibanane, ili hewa ipite. Halafu angemtazama Mama Hana, mkewe, kuona kama amepata kiti. Mambo hayo mawili, hewa ya watu na mke wake, ndiyo yaliyogawana maisha yake, na mgawanyo haukuwa wa haki. Sisi wadogo zake tumeombwa tuuseme ukweli huo bila kuupaka asali.

Leodgar alizaliwa tarehe 14 Machi 1932 hapa Bukima, mtoto wa kwanza wa hayati mzee Clementi Wanzagi na mama yetu Miriamu, ambaye tunaye hapa leo. Baba alikuwa mvuvi na mkulima wa mihogo. Mama anasema alikuwa mtoto asiyekubali kufunikwa uso na nguo hata akiwa mgongoni, na ukimfunika alipiga kelele mpaka majirani waje kuuliza. Alibatizwa mwaka huohuo.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, akamaliza mwaka 1947. Hesabu alizipenda. Kuimba alikupenda zaidi, ila sauti haikumpenda. Yupo hapa msibani mtu aliyesoma naye, anayekumbuka siku Leodgar alipoficha furu wa kukaanga mfukoni ili ale wakati wa mapumziko. Jua lilipopanda, darasa zima likajua, na mwalimu akamtuma akakae nje na samaki wake. Alikaa nje akiwa na furaha kabisa.

Mwaka 1954 alipata kazi katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Butiama. Hakuwa wa kuchimba. Aliwekwa kwenye chumba cha taa, akafundishwa kusafisha taa za kushukia shimoni na kutunza chombo cha kupimia hewa ukaa, ile hewa nzito inayolala chini na kumlegeza mtu bila yeye kujua. Chombo chenyewe kilikuwa cha kioo, kina maji mekundu ndani. Unavuta hewa ya mahali kwa kipira, unakipindua, maji yanapanda kwa kadiri hewa ilivyochafuka. Lakini kabla ya kupima sharti ukitoe nje penye hewa safi, ukakisawazishe kwenye sifuri. Ukikisawazisha penye hewa chafu, kitaihesabu ile chafu kuwa ndiyo safi, na kuanzia hapo kitakudanganya siku nzima.

Tarehe 27 Aprili 1957 alifunga ndoa na Hyasinta, binti wa hapahapa Bukima. Walijengewa nyumba pale ufukweni, mlango ukitazama ziwa. Siku chache baada ya harusi Leodgar alirudi kazini, na Hyasinta akabaki na mama mkwe, kwa kuwa macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia na hakukuwa na binti mkubwa nyumbani wa kumshika mkono. Walikubaliana iwe kwa muda. Hana alizaliwa mwaka 1958. Uhuru ulipokuja, Leodgar alikuwa zamuni Butiama. Wenzake walicheza ngoma mpaka wakakauka koo, naye alicheza nao, lakini alimweleza Mama Hana baadaye kwamba bendera ilipopandishwa alitamani kitu kimoja tu, awe amesimama karibu naye. Jambo hilo alilitamani mpaka mwisho: kulala kwake, kuamka kwake, na mke wake awepo.

Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Wengine walirudi makwao, nasi tukadhani sasa ndugu yetu anakuja. Kumbe chombo kilikuwa kimenunuliwa na kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kule Bunda, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kukitunza, naye akaandamana nacho kama ndama na mama yake. Alipanga chumba Nyasura. Kazi yake ilikuwa kupima hewa katika ghala la mbegu za pamba, ambalo nusu yake ilikuwa chini ya ardhi. Mbegu zikipata unyevu hupata joto na kutoa hewa nzito, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na koleo kabla Leodgar hajapima.

Hapa tunafika penye uzito. Tarehe 24 Novemba 1968, siku ya Jumapili, mtoto wao Felisiani alibatizwa, na Leodgar alikuwa amepewa ruhusa akaja Bukima tangu Ijumaa. Asubuhi ya Jumamosi Bunda ilinyesha mvua ya kutisha. Aliyeachiwa chombo hakutaka kulowa. Alikisawazisha ndani ya kibanda cha walinzi, mlango umefungwa, jiko la mkaa linawaka, wenzake wamebanana bega kwa bega wakingoja mihogo iive. Ni kosa ambalo yeyote aliyewahi kupigwa na mvua ya Bunda angeweza kulifanya. Chombo kilipopelekwa ghalani kikasema hewa ni nzuri. Mayala, baba wa watoto wawili, jirani wa Leodgar pale Nyasura, akashuka na koleo lake, na hakupanda tena kwa miguu yake.

Habari zilimfikia Leodgar Jumapili, tumetoka kanisani, wageni wako uani wanakula. Aliweka sahani chini. Alisema neno moja, "Ningekuwepo," akachukua baiskeli. Mama Hana alimfuata mpaka njiani na mtoto mikononi, akamwambia, "Baba Hana, si wewe uliyekosea." Alijibu, "Najua," na akaendelea kukanyaga. Alilijua hilo kichwani. Moyoni hakulikubali kwa miaka kumi na mbili.

Tangu hapo msimamizi wa kiwanda, Bwana Danford, aliagiza kwamba sifuri ya chombo kile iwekwe na Leodgar peke yake. Alidhani anampa heshima. Kwa kweli alimfunga kamba, na Leodgar mwenyewe aliishikilia kamba ile. Hakuchukua likizo. Alimfundisha Boniphace, mtu mzima makini kutoka Nyasura hiyohiyo, kubadilisha maji ya chombo yanapochoka, kukagua mipira isivuje, kungoja usomaji utulie. Kila kitu alimfundisha. Kumwachia ndiko kulikomshinda.

Lakini mapenzi yana ujanja wake. Siku moja mwaka 1970 alimwendea Bwana Danford na uso wa kazi.

"Mkubwa, hii chombo inatakaga hewa ya ziwa. Hapa kwetu vumbi ya pamba imezidi."

"Ziwa si liko hapo chini tu?"

"Ya hapo si mbaya. Ila ya Bukima ndiyo inafaa zaidi."

Bwana Danford alicheka mpaka akavua miwani. "Hewa ya Bukima, au ugali wa Bukima? Haya, nenda. Usipokuwepo ghala litafungwa. Jumatatu asubuhi nikuone."

Ukweli ni kwamba uwanja wa nyuma ya kiwanda, upande upepo unakotoka, ulitosha kabisa, na wote wawili walilijua hilo. Ikawa hivyo, kila mwezi mara moja: lori la pamba mpaka Musoma, kisha baiskeli, sanduku la chombo limefungwa nyuma kwa mipira, limefunikwa koti la mwenyewe hata mvua ikinyesha. Mama Hana akimwona anateremka kilima alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika, "Umemleta tena mke mwenzangu?" Naye hujibu, "Huyu halagi ugali, Mama Hana, usimwogope." Kusawazisha kulichukua muda wa kunywa kikombe cha uji. Siku mbili zilizobaki alirekebisha paa, alimsomea mama neno la Mungu, alikaa mlangoni na mkewe wakitazama ziwa. Jumapili jioni Mama Hana hakuwa mtu wa kuongeleshwa. Alikuwa akifagia ua uliokwisha kufagiwa.

Mwaka 1974, mwezi wa Agosti, watu wa ufukweni tulihamishiwa kijijini kwa ajili ya ujamaa. Ilikuwa katikati ya msimu wa pamba. Mama Hana aling'oa mabati na mlango, akampandisha mama mkwe kwenye lori, akahama. Ujumbe alioutuma Bunda haukufika. Leodgar alikuja mwisho wa mwezi kama kawaida yake, akateremka kilima, akakuta kuta nne hazina paa na mbuzi wa watu wamelala chumbani kwake. Aliyemwona siku ile anasema alisimama pale mlango ulipokuwa, akaita, "Hodi." Akaita tena. Baadaye ndipo alipoelekezwa kijijini, akafika jua limezama, na Mama Hana, aliyekuwa anakandika nyumba mpya na udongo umempanda mpaka viwikoni, alimwambia, "Karibu mgeni."

Neno hilo lilimkaa. Aliwahi kutusimulia sisi wadogo zake kwamba angetukanwa matusi yote ya Mara lingekuwa afadhali.

Hata hivyo hakuacha kazi. Kila alipotaka kuondoka aliona mvua, kibanda na mlango uliofungwa. Ikaja vita ya Kagera, malori yakachukuliwa, mafuta yakaadimika, na zile safari za kila mwezi zikakoma. Mwaka mzima wa 1979 alifika nyumbani mara mbili. Hana aliolewa, na baba yake akafika kanisani watu wakiwa wanatoka.

Aliyemfungua ni Jenoveva, mjane wa Mayala. Tunamshukuru kwamba amekuja leo. Kwa miaka yote ile Leodgar alikuwa akipita kwake kila Jumamosi kuulizia watoto. Jumamosi moja ya Oktoba 1980 mama huyu alimkalisha kwenye kigoda akamuuliza Mama Hana hajambo. Leodgar akasema hajambo, ila hajamwona tangu Pasaka. Jenoveva akamwambia hivi, na ametupa ruhusa tuyaandike:

"Shemeji, mimi nilikuwaga nakuona unakuja hapa, nasema moyoni, huyu anafikiri analinda Mayala. Mayala halindwi tena. Wangu mimi, hata nikingoja, harudi. Wako yupo hai, anangojwa, na hataki kurudi. Sasa mimi nitakuonea huruma, au nitakukasirikia?"

Jumatatu iliyofuata Leodgar alimkabidhi Boniphace sanduku na funguo, akamwomba akisawazishe chombo mbele yake. Boniphace alitoka nacho nje, manyunyu yakidondoka, akakishughulikia bila haraka, akalowa. Leodgar aliomba kustaafu siku ileile. Boniphace anatuambia kwamba mpaka sasa katika ghala lile hajadhurika mtu mwingine.

Alifika nyumbani tarehe 3 Januari 1981, na safari hii hakuwa na mke mwenza nyuma ya baiskeli. Mama Hana aliandaa chakula cha siku mbili, kwa mazoea. Siku ya tatu alipoamka akamkuta bado yupo, amekaa jikoni anabishana na moshi, alitoka nje akalia, kisha akarudi akamgombeza kwa sababu ya dirisha alilolipanua bila ruhusa. Waliishi hivyo, wakigombana kama maharusi. Walilima pamoja. Walikwenda pamoja kuangalia kuta za zamani ufukweni, wakarudi pamoja. Sukari haikuwepo madukani mwaka ule, sabuni haikuwepo, kanga haikupatikana, na Mama Hana anasema hajawahi kuwa na mwaka mzuri kama ule.

Februari 1982 kifua kilianza kumbana. Alitibiwa hospitali ya mkoa, Musoma, na mapema Mei akalazwa. Madaktari na wauguzi walifanya walichoweza na familia inawashukuru. Alipoona siku zinakwenda, alimwomba mwanawe Felisiani awaambie wakubwa wamrudishe Bukima. Felisiani alimwambia, "Baba, huku kuna daktari. Kule kuna nini?" Akamjibu, "Kule kuna mama yako." Wakamrudisha.

Alifariki nyumbani Jumatano tarehe 2 Juni 1982, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini. Mama Hana alikuwa anamnywesha uji. Aliuliza kama mkewe ana mahali pa kwenda leo. Mama Hana akasema hana. Akasema, "Na mimi sina," akafumba macho.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Miriamu, mjane, Hyasinta, watoto wawili, Hana na Felisiani, mkwe mmoja, wajukuu wawili, na wadogo zake, Rafaeli na Justina. Familia inaishukuru serikali ya kijiji, Kanisa, wafanyakazi wenzake wa Bunda, na watu wa Nyasura, Kigera na Butiama waliokuja kutushika mkono.

Ukoo ulipendekeza msalabani yaandikwe maneno kuhusu utumishi wake wa muda mrefu. Mama Hana amekataa. Amesema kazi ilikwisha kumpata vya kutosha, na kwamba kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akimpeleka mpaka njiani na kurudi peke yake akamngoja. Mwaka mmoja tu na miezi mitano hakumngoja, na ndio anaomba uandikwe. Kwa hiyo mtaona kwamba pale chini ya jina pameandikwa: Bukima, 1981 hadi 1982.

Leo atampeleka tena. Mungu ampe Leodgar pumziko la amani, na Mama Hana ampe nguvu za kungoja mara hii.