Fundi Mwoga, Aliyesoma Namba Zote Mbili

"Weka chini hicho kijiti!"

"Mke wangu, watu wanasubiri milango yao."

"Na mimi nisubiri mkono wako ukatwe? Weka chini!"

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo walivyogombana mume na mke siku moja katika karakana ya useremala. Mume ni seremala. Mke alikuwa fundi wa mota, na ndiye tunayemkumbuka leo. Mafundi wenzake walimwita Fundi Mwoga. Hakukasirika. Alikuwa mwoga kweli.

Msumeno wa mviringo ulikuwa unanguruma bila kuzunguka. Kwa siku tatu seremala alikuwa akiusukuma kwa kijiti mpaka uanze. Meno ya chuma, na kijiti kifupi kama kalamu! Mke alipoona, ndipo akapiga kelele ile.

"Kilichokufa ni kapasita," alisema. Hicho ni kikopo cheusi, wasikilizaji, kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka.

"Nimeshanunua, hii hapa. Ya zamani mia mbili, na hii mia mbili. Nafunga mwenyewe."

Mke akakigeuza. Namba ya kwanza, ya mikrofaradi, yaani kiasi cha umeme kinachoweza kuhifadhi, ilikuwa sawa na ya kikopo cha zamani. Namba ya pili, ya volti, haikuwa sawa. Cha zamani: mia mbili na hamsini. Hiki: mia moja na kumi.

"Umesoma namba moja, ya pili umeipa kisogo. Umeme wa humu ni volti mia mbili na arobaini, utakipasua."

"Kikopo ni kikopo. Wewe hata kivuli cha waya unakikimbia."

Akafunga. Akawasha. Msumeno ukazunguka. Akacheka, akazima, akawasha tena. Ukazunguka. Mke alisimama nyuma ya rundo la mbao, akihesabu. Mara ya nne, mume aliinama kuokota penseli. Kikopo kikapasuka. Kifuniko kikapita pale pale uso wake ulipokuwa, kikagonga bati la paa.

Mke alichomoa plagi. Akagusisha nyaya za balbu kwenye miguu ya kikopo, ili umeme uliobaki uishie humo; hata kilichopasuka hakukiamini. Kisha akafunga kingine, chenye namba zote mbili sawasawa. Alitetemeka mpaka mwisho, na hakuruka hatua hata moja.

Hofu hiyo aliipata chuoni. Mwanafunzi mwenzake alishika kapasita ya mota iliyozimwa tangu asubuhi. Bado ilikuwa na umeme. Ilimtupa juu ya meza, na kidole gumba chake hakikupona tena.

Maseremala walipomcheka, aliwajibu: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Chekeni."

Binti yake anasema: "Mama alitusomesha kikopo kabla ya vitabu. 'Soma namba zote mbili. Kwa sauti. Sikusikii!' Sisi tunataka kucheza, yeye na volti zake."

Alifariki mwezi uliopita kwa ugonjwa wa moyo, kitandani mwake, akiwa na miaka sitini na mmoja. Miaka thelathini na minne ya mota. Vidole vyote kumi.

Kwa mume wake, binti yake na wote waliompenda, tunawapa pole. Nanyi mlio nyumbani, jiulizeni: ni mashine gani mnaisukuma kila siku, na ni mkono wa nani mnauchezea kamari?

Ijumaa iliyopita msumeno ule uligoma tena. Mteja akasema, "Usukume kidogo tu, mzee, uanze."

Seremala akanyoosha mkono. Akaurudisha.

"Dada mtangazaji," aliniambia, "hofu yake imenihamia."

Akachomoa plagi, akaikata kwa koleo, akaitia mfukoni. "Leo hapa hakuna kazi," akamwambia mteja, akamtoa nje, akafunga mlango, akaenda kwa miguu kutafuta fundi.