Kumuaga Andrea, Mpiga Dawa wa Ukoka

Mheshimiwa Mfumwa, mtawala wetu, uliyekubali kushuka kutoka mlimani kwa ajili ya shughuli hii, Bwana Mkubwa wa Kituo cha Majaribio ya Majani, pamoja na Mama, Bwana mjumbe wa kampuni ya dawa, uliyesafiri kwa treni mpaka hapa Same, Mchungaji wetu, wazee wa Chome na wa Mhezi, shikamooni, wafanyakazi wenzangu, akina mama, ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote kwa heshima.

Naitwa Hezroni, msimamizi wa vibarua katika kituo hiki. Nimepewa kazi ya kumuaga ndugu yetu Andrea, mpiga dawa, yule aliyekaa pale mbele kwenye kiti chenye mikono, na mkewe Lea ubavuni mwake. Asubuhi karani aliniita akaniambia, "Hezroni, sema kwa ufupi, shukuru, ukae." Kushukuru nitajitahidi. Ufupi, mnisamehe, leo sitauweza.

Wengi wenu mnaliona eneo hili kwa mara ya kwanza. Mmetoka kwenye vumbi la stesheni, mmepita miiba na mkonge, kisha ghafla mmekuta kijani kibichi kilicholala sawasawa kama kitanda cha hospitali. Huu ni ukoka. Tumeugawa kwa kamba vipande vipande, na kila kipande kina dawa yake: huku tunajaribu dawa za kuua ndago na magugu mengine, kule dawa za kuzuia ukungu, na pale karibu na uzio dawa ya kuudumaza ukoka wenyewe usirefuke, ili mashine ya kukatia isipite kila mara. Dawa ikilishinda jua la Same, inapelekwa kwenye viwanja vya gofu na vya tenisi na vya ndege katika nchi nyingi ambazo sisi hatutaziona. Mkiusifu ukoka huu, mmesema haki. Ni mzuri. Siku moja mzee wa Kihurio alipita na ng'ombe wake, akasimama uzioni, akaniuliza, "Majani haya mnalisha nini?" Nikamwambia hatulishi kitu. "Mnaezekea?" Hatuezekei. "Sasa mnayatibu ya nini?" Nikamwambia, ili yapendeze. Akaswaga ng'ombe wake akaenda zake.

Andrea alikuja kwetu akitoka Chome. Wazee wa Chome mnamjua kuliko mimi. Ndiye aliyekuwa akipiga tarumbeta kanisani, na siku ya Pasaka mlio wake ulisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Ndiye aliyechukuliwa kwenda vitani Burma akarudi mzima, viungo vyote, meno yote, kicheko kilekile. Baadaye maporomoko yakachukua shamba lake la migomba, ardhi ikateremka na nusu ya kahawa, naye akateremka vilevile kuja huku tambarare kutafuta kazi. Risasi zilimpita huko mbali. Nani kati yetu angedhani kwamba kitakachompata kiko hapa nyumbani, ndani ya kiwanja cha majani?

Ndugu wageni waalikwa, nataka kumsifu Andrea, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Alikuwa mtu wa kujituma. Dawa ya unga ilipoletwa, ilipaswa kukorogwa na maji kwenye pipa. Mti wa kukorogea uliacha madonge, na madonge yaliziba mdomo wa bomba la kupigia dawa. Andrea akakunja shati, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akayaponda madonge kwa vidole mpaka maji yakawa laini kama maziwa. Kisha akabeba bomba mgongoni na kutembea kipande kwa kipande. Upepo wa hapa mnaujua, haukuulizi unakwenda wapi. Ulichukua dawa ukamrudishia usoni. Akajifuta kwa shati akaendelea. Bwana Mkubwa, ulimsifu mbele yetu sote ukasema, "Andrea hachagui kazi." Ni kweli, hakuchagua. Nami tangu siku hiyo najiuliza: angechagua vipi, na angechagua ipi?

Ukaja mwaka wa masika makubwa. Ukoka ukaugua. Tuliamka tukakuta duara za kahawia kila mahali, kama sufuria za moto zimewekwa juu ya majani. Ofisini hakukukalika, simu zikapigwa, wataalamu wakaja, na kwa treni ikaletwa dawa mpya ya ukungu, unga mweupe usiokuwa na harufu. Hatukuambiwa ndani yake mna nini. Andrea akaikoroga kama alivyokoroga nyingine zote, akapiga vipande vyote, akarudia, na tena akarudia. Ukoka ukapona. Mbele ya Mungu nasema, ukapona vizuri, hata alama haikubaki.

Aliyegundua mapema ni Lea. Alinijia nyumbani akasema, "Shemeji, Andrea amemwaga uji tena."

Nikamwambia, "Labda ni homa."

"Homa gani isiyo na joto? Nimemshika, mwili wake baridi. Ila mikono haitulii, hata akilala haitulii."

Jumapili iliyofuata alipanda Chome kupiga tarumbeta. Aliiinua, akaiweka mdomoni, wimbo ukaanza, yeye hakutoa kitu. Akajaribu tena. Ukatoka mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa, na watoto wa viti vya mbele wakacheka. Hakuna aliyewakemea, kwa sababu hata sisi hatukujua kwamba hilo si la kuchekwa. Andrea aliilaza tarumbeta kwenye benchi taratibu, akatoka nje, na hajaigusa tena.

Nilikwenda ofisini. Nasema hadharani kwa sababu halikuwa jambo la siri: nilisimama mbele ya meza nikaomba glavu za mpira, na nikaomba Andrea apumzishwe kupiga dawa. Nilijibiwa kwa upole. Niliambiwa, "Dawa hii imepimwa, Hezroni. Inaua ukungu, haiui mtu." Bwana Mkubwa, ulisema kweli. Hajafa. Mnamwona pale, amekaa.

Na glavu zililetwa, nisije nikaonekana mtovu wa shukrani. Zililetwa chache, nzuri, nyekundu, zikafungiwa stoo zisichafuke, zivaliwe siku za wageni.

Siku ya wageni ikafika. Andrea akavishwa glavu, akabebeshwa bomba, akaambiwa awaonyeshe wakubwa jinsi dawa inavyopigwa. Alianza vizuri. Katikati ya kipande kilichopendeza kuliko vyote miguu yake ikaanza kupishana kama ya mlevi, na Andrea, wazee wa Chome mtanishuhudia, hajawahi kuonja hata dengelua, pombe yetu ya miwa. Akaanguka na bomba lake. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa mmoja wa wageni, akasema, "Mtoeni kwenye kipande!" kwa maana mguu wa Andrea ulikuwa umekata kamba na dawa ilikuwa inamwagika mahali isipotakiwa. Tukamtoa. Tulipokuwa tunambeba, nyuma yetu walikuwa wanafunga kamba upya.

Daktari wa misheni alimpima, akamwambia Lea kwamba sumu ya ile dawa imeingia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Lea akauliza atapona lini. Daktari akasema, "Mama, mzoeshe kutembea na fimbo." Hilo ndilo jibu tulilorudi nalo.

Sasa mtauliza, baada ya hapo palitokea nini? Dawa ilisimamishwa? Nilikwenda kuomba hivyo. Nilikwenda na Mchungaji, na safari nyingine nilikwenda na wazee. Tulikalishwa, tukapewa chai, tukasikilizwa mpaka mwisho. Kisha tukaelezwa kwamba majaribio yamefaulu, na kwamba dawa imeagizwa kwa wingi kwa ajili ya viwanja vingine. Tangu siku hiyo sijui tena ni mlango gani nibishe. Nimezoea kusimama mbele za watu nikiwatia moyo. Leo mnisamehe, moyo wenyewe sina wa kugawa.

Lakini niliagizwa kushukuru, na nashukuru. Naishukuru kampuni kwa saa hii ya ukutani, ambayo Andrea ataitazama, ingawa macho yake sasa yanaona kama anayechungulia kwenye bomba la maji. Nashukuru kwa blanketi hili zito, kwa sababu Chome anakorudi kuna baridi. Nawashukuru akina mama mliopika. Namshukuru zaidi Lea, anayemlisha mtu mzima kwa kijiko na kumfuta mdomo kwa khanga yake bila kumwacha hata siku moja aone haya. Shemeji, Mungu akupe nguvu, maana sisi hatuna cha kukupa.

Jana nilikwenda kumwuliza Andrea angependa niseme nini kwa niaba yake. Maneno yake siku hizi yanatoka kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na Lea peke yake ndiye anayeyashika. Andrea alisema kitu. Lea akainamisha kichwa, halafu akaniambia, "Anauliza ni nani aliyepewa bomba."

Nilimwambia tutaongea kesho, na kesho yenyewe ndiyo leo, na kukujibu kwenyewe, ndugu yangu Andrea, ni mbele ya watu hawa wote. Bomba amepewa Simeoni, mdogo wako wa tumbo moja. Yule pale nyuma, mwenye shati jipya la kaki.

Nilimsihi akatae. Nilimwambia, "Simeoni, umeona mwenyewe. Kataa." Akanijibu, "Kaka Hezroni, nikikataa, watoto wa Andrea watakula nini? Kwetu nani mwingine ana kazi?" Nilitafuta la kumjibu njia nzima kutoka kwake mpaka kwangu. Sikulipata. Kama yupo mmoja katika mkutano huu, mkubwa au mdogo, aliye na jibu la kumpa Simeoni, namwomba asimame sasa, nami nitakaa.

Naona hakuna.

Basi, Simeoni, kabla chai haijamiminwa, njoo hapa mbele umwamkie kaka yako. Mshike mikono yote miwili, wala usiiachie haraka. Iache itetemeke ndani ya mikono yako mpaka uijue vizuri. Kesho asubuhi nitakungoja stoo. Tunaanza na vipande vya ukungu.

Mheshimiwa Mfumwa, Bwana Mkubwa, wazee wangu na ndugu zangu, mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Asanteni sana kwa kunivumilia.