Chakula Alichopelekewa Gidamis: Buriani kwa Benedikta Margwe

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Benedikta Margwe, ambaye karibu wote tunamwita Mama Glory, atakabidhi funguo za jiko la Kituo cha Afya Mtakatifu Marta na kustaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Alianza mwaka 1989 kama mfagiaji. Wakati huo kituo kilikuwa na wodi moja, taa za chemli, na mganga aliyekuja kwa pikipiki kutoka Katesh pale barabara ilipopitika.

Mama Glory alizaliwa Mbulu, juu kwenye baridi, katika familia ya wakulima. Baba yake aliteremka Hanang kutafuta shamba, akafariki watoto wakiwa bado wadogo. Kaka yake mkubwa, Modest, aliacha shule ili yeye aendelee. Modest alilima, akachunga, akamtafutia sare na madaftari mpaka alipomaliza darasa la saba. Mama Glory hakuchoka kulisema hilo. Mfanyakazi mpya akifika hapa, kabla hajajua choo kiko wapi, alikuwa ameshaambiwa kuhusu kaka Modest.

Kutoka ufagioni alihamishiwa jikoni, na mwaka 2001 akawa msimamizi wa jiko. Asiyezijua hospitali zetu za vijijini aelezwe: mgonjwa hulishwa na ndugu zake. Kazi ya msimamizi ni kugawa mafiga, kutunza kuni, kupika uji wa watoto wenye utapiamlo na kusuluhisha akina mama wanaogombania sufuria. Kazi ambayo haikuandikwa popote, na ambayo Mama Glory alijipa mwenyewe, ilikuwa kupita wodini kila mchana na kuuliza nani hajaletewa chakula. Aliyekosa alipikiwa. Unga ulitoka nyumbani kwake.

Hakuwa mtu wa kununa. Anasimulia mwenyewe jinsi alivyotia chumvi badala ya sukari kwenye chai ya askofu siku ya kufungua wodi ya wazazi. Askofu alikunywa kimya, akaomba kikombe cha pili, na Mama Glory akatembea siku nzima akijisifu, mpaka alipoionja chai iliyobaki kwenye birika. Simu ya mkononi aliinunua kwa kuchelewa, na hadi leo huongea nayo kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Siri ya familia yake haijawahi kuwa siri hapa kituoni.

Ndiyo maana tunaweza kuandika yafuatayo, na ameturuhusu. Tulipomwambia kwamba tunaandaa wasifu wa kumsifu, alijibu hivi: “Mkiandika mazuri tu, mtakuwa mmemwandika mtu mwingine. Andikeni na habari za kaka yangu.”

Mwaka 2014 mvua zilikatika mapema. Malisho ya tambarare yalikauka, na ng'ombe wakaingia kwenye mahindi na mbaazi za wakulima. Zikaanza lawama, zikafuata fimbo, na asubuhi moja pande mbili zikakutana shambani kwa mikuki na mapanga. Yonas, mtoto wa kwanza wa Modest, kijana aliyekuwa amechumbia mwezi uliotangulia, alichomwa mkuki akafa palepale. Nani aliurusha, hadi leo haijajulikana. Upande wa pili, kijana wa wafugaji aitwaye Gidamis alikatwa panga pajani, akaletwa hapa na gari la polisi.

Alilazwa peke yake. Ndugu zake waliogopa kukanyaga kituoni, maana waliolaza wagonjwa wao hapa wengi wao walikuwa wakulima, na wengi walikuwa na uhusiano na marehemu. Jikoni hakuna aliyemtengea hata ukoko. Mama mmoja alisema wazi, “Mwache afe na njaa. Wa kwao wako wapi?” Hakuna aliyembishia.

Mama Glory hakuwepo. Alikuwa msibani. Yonas alikuwa mwana wa kaka yake, naye alikuwa amekaa chini kwenye mkeka karibu na Eva, mama wa marehemu, akimshika mkono. Siku ya maziko, asubuhi, muuguzi wetu mmoja alikwenda kutoa pole. Mama Glory akamuuliza habari za wodini, kwa mazoea tu. Muuguzi akamwambia kwamba yule kijana hajala tangu alipoletwa, na kwamba amejaribu kung'oa bandeji ili akimbie.

Aliinuka. Alimwambia Eva, “Wifi, nakwenda mara moja, narudi.” Akachukua hotpoti, akatia ugali na maharage ya msibani, akaja.

Gidamis alikataa kula. Aliamini amewekewa sumu. Mama Glory akala tonge mbele yake, kisha la pili, ndipo kijana akaanza kula, akala kama mtu anayepigana. Alipomaliza akashikwa na homa kali, akatetemeka, akaushika mkono wa Mama Glory na hakuuachia. Damu ilikuwa imeanza kutoka tena. Mganga alikuwa na mama aliyekuwa akijifungua kwa shida. Mama Glory akakaa, akikandamiza kitambaa juu ya jeraha kwa mkono uliobaki. Alipopata nafasi ya kuondoka, jua lilikuwa linazama upande wa Mbulu. Alifika msibani watu wakinawa mikono. Yonas alikuwa ameshafukiwa, na shangazi yake hakuwa ametupa hata konzi moja ya udongo.

Modest alimngoja langoni.

“Ulikuwa wapi?”

“Kituoni, kaka. Yule kijana alikuwa hajala tangu juzi.”

“Na Yonas?” Modest akauliza. “Yonas atakula lini?”

Modest akasema mbele ya watu wote kwamba mtoto wake amezikwa na watu baki wakati shangazi yake analisha adui, na kwamba kuanzia siku hiyo hana dada. Akafunga lango.

Ni vyema kumtendea haki marehemu Modest Margwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyekiti wa kigango, na bati nyingi za kanisa letu alizigongelea yeye misumari. Mkulima akifiwa, Modest ndiye aliyefika wa kwanza na jembe la kuchimbia kaburi. Alisali asubuhi na jioni. Lakini kila padre alipotualika tutakiane amani, Modest alitoka nje ya kanisa, akasimama penye tangi la maji mpaka wakati huo upite, ili asije akampa mkono dada yake. Waumini walizoea. Watu huzoea mambo mengi kanisani. Wapo waliotaka Mama Glory aondolewe kwenye uongozi wa jumuiya kwa kuwa ameidhalilisha familia. Padre alikataa, lakini Mama Glory mwenyewe akajiuzulu ili watu wasigawanyike.

Kila Jumapili baada ya misa, Mama Glory alipita kwa kaka yake. Alisimama nje ya lango na kusema, “Shikamoo, kaka.” Kwetu hapa hata mlevi huitikia shikamoo. Hata mtu mwenye kesi na wewe huitikia, ndipo mwendelee na kesi yenu. Modest alikuwa akichonga mpini, au akifunga ndama, na aliendelea na kazi yake. Mama Glory alisubiri kidogo, kisha akaenda zake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka minane.

Gidamis alipona, ingawa anachechemea. Alirudi tambarare upande wa Basotu. Mama yake alikuja mara moja na kibuyu cha maziwa, akakiweka mlangoni pa jiko, akaondoka bila kusema neno, maana Kiswahili hakukijua. Gidamis hakubatizwa, wala Mama Glory hakumwambia abatizwe. Ila tangu mwaka ule wafugaji walianza kuleta wagonjwa wao hapa bila woga, na akina mama wao walipata mafiga yao jikoni pamoja na wengine. Siku za kwanza palikuwa na kununiana. Baadaye wakaanza kuazimana chumvi. Katika taarifa za kituo jambo hilo limeandikwa kama ongezeko la wagonjwa. Sisi tuliokuwepo tunajua lilivyoanza.

Watu wakamsifu. Wageni kutoka jimboni walipenda kusimuliwa kisa hicho, na mmoja akasema kwamba huo ndio Ukristo wenyewe. Mama Glory aliwakaribisha chai. Walipoondoka alisema maneno ambayo wengi wetu hatujayasahau: “Gidamis alikuwa rahisi. Alikuwa na njaa, nikampa chakula. Mwenye kunishinda ni kaka yangu. Yeye njaa yake sijui naishibishaje.”

Mwaka 2022 Modest aliugua moyo. Miguu ilivimba, pumzi zikawa fupi, na Eva akamleta hapa kwa kuwa hapakuwa na kwingine karibu. Alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Mama Glory alimpikia uji wa ulezi kila asubuhi, akampa Eva ampelekee. Yeye alisimama mlangoni, akasema shikamoo yake, hakuitikiwa, akarudi jikoni. Modest alijua uji unatoka wapi. Aliunywa mkononi mwa mke wake, akiangalia ukutani.

Asubuhi moja Eva alikwenda kufua. Mama Glory akaingia na kikombe, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Alikishika kile kikombe muda mrefu, akiogopa kukiinua, na Modest akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya maziko. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, “Umepoa.”

Mama Glory aliruka kama msichana. Alikimbilia jikoni kuupasha moto, na wote waliokuwapo mafigani walimsikia akisema, “Kaka amesema na mimi! Jamani, kaka amesema na mimi!” Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akamsogezea kuni zake. Uji ukachemka, akaumimina, akarudi wodini akiwa ameshika kikombe kwa upande wa kanga.

Modest alikuwa ameshakata roho.

Hatujui alikuwa na maana gani kwa lile neno moja. Pengine ulikuwa uji tu. Mama Glory anajilaumu mpaka leo kwamba aliondoka. Ametuambia mara nyingi kwamba mara mbili maishani alitakiwa kukaa na kaka yake, na mara zote mbili alikuwa amekwenda kushughulikia chakula. Tumemwambia asiseme hivyo. Hasikii. Hata juzi, tulipokuwa tukipanga viti vya sherehe ya kumuaga, alisema kwamba kama angeweza kurudi nyuma, Gidamis angempelekea chakula vilevile, lakini angemtafuta mtu mwingine wa kulishika lile jeraha, arudi mbio msibani amshike Modest. Sisi tuliosimama pale tulitazamana, kwa sababu siku ile mtu huyo mwingine hakuwepo.

Kwenye maziko ya Modest palitokea jambo moja. Watu wakiwa wamekusanyika, alionekana mtu mwenye shuka jeusi amesimama nje ya uzio, ameegemea fimbo. Alikuwa Gidamis. Alikuwa ametembea kutoka Basotu na mguu wake ule. Minong'ono ikaanza, vijana wawili wakainuka. Mama Glory alikaa palepale alipokuwa, kwenye mkeka, karibu na Eva. Safari hii hakuthubutu kuondoka.

Aliyeinuka ni Eva. Mjane, mama wa Yonas, alikwenda hadi kwenye uzio akiwa amejifunga kanga ya msiba. Alimtazama Gidamis usoni. Kisha akasema, “Ingia ndani. Watu hawalii msiba wakiwa nje.” Gidamis akainamisha kichwa. “Shikamoo, mama,” akasema. Eva akaitikia marahaba, akampisha apite. Mama Glory alijifunika uso kwa kanga. Baadaye alituambia kwamba wakati ule alitamani kaka yake awe hai hata kwa dakika ile moja tu, aone.

Kituo kinamshukuru Bi. Benedikta Margwe kwa kazi yake, kwa unga wake, kwa kuni alizobeba na kwa ugomvi wa sufuria alioumaliza bila kumwita mlinzi. Wauguzi wengi tumefundishwa chuoni namna ya kumhudumia mgonjwa. Namna ya kumpenda yule ambaye wodi nzima inamchukia, tumeiona kwake, na gharama yake tumeiona pia. Hatutawadanganya vijana wanaoanza kazi kwamba haina gharama.

Wiki iliyopita tulimtafutia gari la kukodi limhamishe na vyombo vyake kutoka nyumba ya kituo. Kabla halijafika, Eva aliingia uani na mkokoteni wa punda. Alikuwa amesafisha chumba nyumbani kwake, kule kwa marehemu Modest, akakipaka chokaa, akaweka kitanda. Mama Glory alisema hataki kumsumbua mtu. “Sumbua nani?” Eva akamjibu, akibeba godoro kichwani. “Wifi, pale ni kwenu. Panda.” Akapanda.

Mama Glory, nenda ukapumzike. Tunakuombea mvua za wakati wake, mbaazi zisizoliwa na wadudu, na usingizi usiokatizwa na mtu anayegonga dirisha kuuliza kama kuna kiporo. Mungu akutunze wewe na wifi yako, na awape miaka mingi ya kukaa pamoja.

Violeth Bura, Muuguzi
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Kituo cha Afya Mtakatifu Marta