Utingo wa Mlima wa Milepa

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka mashambani na tope bado liko miguuni, nawasalimu kwa jina lake Yeye aliyetuamsha salama. Mwenyekiti ameniomba mara nyingi nisimame hapa mbele, na kila mara nikamwambia Jumapili ijayo. Leo mke wangu amenishika mkono mbele yenu wote, mmeona wenyewe, sasa sina pa kukimbilia. Mniruhusu niegemee meza hii. Magongo yanateleza kwenye sementi.

Majina sitataja. Wengine wamo humu ndani, na hawapendi kutajwa.

Mimi nilikuwa utingo, au tanboi kama wengine mlivyotuita. Watu hudhani utingo ni mtu wa kupakia magunia na kufokea wanaodandia. Katika njia ya Milepa, ndugu zangu, utingo alikuwa breki ya pili. Ile barabara mnaifahamu, inatoka bondeni Rukwa, inapanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa mpaka huku kwetu juu penye baridi. Lori likipanda, mimi sikukaa juu ya mzigo. Nilikwenda nyuma yake kwa miguu, nusu nakimbia, nimebeba kabari. Kabari ni kipande cha gogo la mninga, kimechongwa kwa shoka upande mmoja kikawa chembamba. Injini ikizimika au gia ikikataa, dereva anagonga mlango kwa kiganja, nami naisukumiza kabari nyuma ya tairi kabla lori halijapata mwendo wa kurudi. Ukichelewa, lori limekwenda. Ukiwahi lakini ukakosea mahali, limekwenda na wewe.

Kabari niliyokabidhiwa ilikuwa ya mtu aliyenitangulia. Nikauliza yuko wapi, nikaambiwa ameacha kazi. Nilikuja kujua baadaye aliiacha vipi. Mama yangu aliponiuliza nafanya kazi gani mjini, nilimjibu kwamba namsaidia dereva, basi.

Ilikuwa miaka ile ya operesheni ya kuhamia vijijini. Lori letu lilipewa kazi ya kupandisha familia zilizokaa mbalimbali kule chini na kuzileta kwenye kijiji kipya huku juu. Agizo lilikuwa wote wawe wamehama kabla mvua hazijakolea, lakini mvua hazisomi agizo. Siku ninayoisema zilikuwa zimeshanyesha usiku kucha, na asubuhi udongo wa mlima uling'aa kama umepakwa mafuta.

Tulipakia mpaka pakajaa. Magunia ya mahindi na ulezi, vinu, mitungi, mikeka, kuku wamefungwa miguu. Juu ya vyote wakakaa watu, vikongwe na watoto wachanga. Nyuma kabisa familia moja ilikuwa imefunga kitanda chao cha kamba, na pembeni yake akakaa mama mmoja mjamzito, ameshikilia ubao.

Dereva wangu alikuwa mtu mzima aliyetokea upande wa Mbeya, mpole, mtu wa sala. Alishuka akauzunguka ule mzigo, akautazama mlima. Akamwendea msimamizi wa operesheni, akamwambia ingefaa tufanye safari mbili. Msimamizi naye alikuwa amekesha siku kadhaa, macho mekundu. Akasema dizeli iliyopo ni ya safari moja. Dereva akarudi, akanitazama kidogo, akapanda kwenye usukani. Mimi nikachukua kabari yangu.

Nawaambia ukweli, nilipokuwa natembea nyuma ya lori lile nilikuwa naangalia tairi tu. Sikuangalia watu. Ukiangalia watu, unachelewa na kabari.

Tulipanda kona ya kwanza, tukapanda na zilizofuata. Tukafika ile kona ambayo sisi wa lori tuliiita Nyamaza, kwa sababu hata dereva mwenye maneno mengi akifika pale hunyamaza. Kushoto ni ukuta wa mlima. Kulia ukitazama unaona vilele vya miti, chini sana. Hapo katikati dereva akabadilisha gia, na gia haikuingia. Injini ikazimika. Nikasikia kiganja kwenye mlango.

Nikaweka kabari. Niliiweka vizuri, mahali pake. Tairi likaja, likaikalia, na kabari ikaanza kuteleza kwenye tope kama sabuni kwenye sahani. Lori likarudi nyuma taratibu, na nyuma yake ikawa inaelekea kulia, kule kwenye vilele vya miti.

Nyuma yangu kidogo palikuwa na jiwe lililojitokeza barabarani, jiwe la mlima wenyewe, halichimbuliki. Nikaona kwamba kabari ikifika pale itashika. Lakini ilikuwa inapita pembeni. Nikakaa chini kwenye tope, nikaisukuma kwa mguu wa kulia ili iende kwenye jiwe. Ikaenda. Ikashika. Ila mguu wangu ulikuwa bado katikati.

Lori likasimama.

Mfupa ulipovunjika niliusikia kabla ya maumivu. Dereva akaniita bila kugeuza kichwa.

"Uko hai?"

"Niko hai. Usiachie breki."

"Siachii," akasema.

Breki zile peke yake hazikuweza kulishika lori, ndiyo maana tulirudi. Lakini zikisaidiana na kabari, na kabari ikisaidiana na jiwe, ziliweza. Akiinua unyayo, uzito wote unakuja kwenye kabari, na mimi nilikuwa sehemu ya kabari.

Ndipo watu juu wakaanza kuinuka. Mtoto mmoja akalia na wote wakalia, kila mtu akataka kuruka. Nikaona lori linayumba. Na yule mama mjamzito aliyekaa penye kitanda akainama, akaniona pale chini. Macho yetu yalikutana. Akasimama, akatandaza mikono miwili akaziba pale nyuma, na akasema nao kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayewasemesha ng'ombe walioshtuka. Aliwaambia hakuna atakayeruka. Kuna mtu chini ya tairi. Tutashuka mmoja mmoja, vikongwe washikwe mikono, watoto tuwapokezane.

Wakamtii. Sijui kwa nini, ila walimtii.

Ndugu zangu, kila mtu aliyeshuka, springi za lori zilipumua, na mimi nilizisikia kwenye mfupa. Anashuka mmoja, kabari inalia. Natulia. Anashuka mwingine, tena inalia. Nilikuwa nimeuma ukosi wa shati langu. Bibi mmoja aliposhushwa alisimama pale karibu yangu na hakutaka kuondoka, akawa ananishika kichwa, nami namwomba aondoke, maana lori likienda litampitia na yeye. Akakataa. Mama mjamzito alishuka wa mwisho.

Wanaume wakarundika mawe nyuma ya kila tairi. Wengine wakachukua majembe yao ya kulimia wakachimba tope chini ya mguu wangu mpaka ukaachia. Dereva alipoambiwa sasa inatosha, hakuweza kushuka. Mguu wake ulikuwa umekufa ganzi kwenye breki, ikabidi wamvute. Alikuja akakaa kwenye tope kando yangu, akalia kama mtoto.

Ile familia ikafungua kitanda chao. Wakanilaza, wakanibeba mlima wote uliobaki kwa kupokezana mpaka juu, tukapata Landrova iliyonifikisha hospitali mjini. Mguu haukupona. Waliukata juu ya goti.

Hapo ningeweza kusema amina nikakaa. Watu wote wa lori lile walifika. Yule mama alijifungua salama. Lakini nimesimama niwaeleze pia nilivyoanguka, na kuanguka kwangu kulikuja baadaye, nikiwa nimelala nyumbani kwangu hapa Kizwite, mlango umefungwa.

Waliniita shujaa. Neno hilo sikutaka kulisikia. Lori likipita barabarani likabadilisha gia, nilishika ubao wa kitanda kwa mikono miwili na jasho linanitoka, mchana, baridi ya Julai. Harufu ya tairi sikuiweza. Nikaanza kunywa pombe ya kimpumu tangu asubuhi, nikaja kunywa chochote. Mke wangu alikuwa analima peke yake, anarudi, ananikuta nilivyokuwa. Nilimfokea. Nilimwambia aende kwao Milepa akatafute mwanaume mwenye miguu. Hakwenda. Aliniambia mara moja tu, na hakurudia:

"Lori lilisimama, baba watoto. Wewe ndiye bado unateleza."

Nilimgeuzia mgongo.

Nikakaa hivyo misimu kadhaa, mpaka baba mkwe wangu alipofariki kule Milepa. Mazishi ya mkwe hayakwepeki, mnajua mila. Tukapanda lori kushuka. Njia nzima nilifumba macho, nimejifunika blanketi la mke wangu kama mgonjwa. Tukamzika mzee, tukamaliza matanga, ikabidi turudi.

Lori la kurudi lilikuwa limejaa mpunga na samaki wakavu wa Rukwa, na watu juu yake, vilevile. Chini ya mlima dereva akasimama kupoza injini. Alikuwa kijana, mpya kwenye njia. Utingo wake akaenda kisimani kuchota maji, na kabari akaiacha imelala barabarani. Nikaitazama. Ilikuwa na ufa katikati. Moyo ulianza kunipiga mpaka mke wangu akausikia kupitia blanketi.

Nikamwambia anishushe.

Nikaenda kwa dereva na magongo yangu, nikamsihi awashushe watu wapande kwa miguu, lori lipande na mzigo tu, na kabari ibadilishwe. Alinijibu kwa adabu. Alisema jua linazama mapema, watu wana wazee na watoto, na yeye tangu aanze hajawahi kuzimikiwa na injini pale. Yote yalikuwa kweli. Watu juu wakaanza kunung'unika kwamba mlevi anawachelewesha. Kunuka kimpumu nilinuka, siwalaumu.

Zamani ningerudi kimya nikajifunika. Utingo hana mdomo, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini nilisikia maneno yananitoka.

"Ndugu dereva, sina ugomvi nawe. Mguu wangu uko pale kwenye kona ya juu. Wewe panda na lori lako. Mimi nakwenda kwa miguu."

Nikageuka, nikaanza mlima.

Sikwenda ili mtu anifuate. Nilikwenda kwa sababu sikuweza kukaa juu ya lori lile. Nyuma yangu nikasikia mchakacho wa kanga, ni mke wangu. Halafu nikasikia mtu mwingine anaruka chini. Baadaye mke wangu akaniambia geuka uone, na nilipogeuka walikuwa wanashuka wote, wanashushiana watoto, wengine wananitukana. Nadhani waliona aibu kukaa juu ya magunia wakati mwenye mguu mmoja anapanda kwa magongo.

Utingo naye akaitazama kabari yake, akaenda kutafuta gogo lingine.

Mlima ule niliupanda siku nzima, hivyo ndivyo nilivyoona. Makwapa yalichubuka, damu ikaingia kwenye shati. Kijana mmoja akataka kunibeba, nikakataa, kama nilivyokuwa nakataa kila kitu cha kila mtu. Tulipofika Nyamaza, nikaliona lile jiwe. Lipo. Gongo likateleza kwenye kokoto, nikaanza kwenda upande wa kulia, na yule kijana niliyemkataa akanidaka mkanda wa suruali. Akanishikilia. Akaniuliza kwa upole kama sasa naweza kushikwa.

Nikamwambia naweza.

Nililia pale, mbele ya watu, na mke wangu akalia. Kisha akanishika huku na kijana akanishika kule, tukaendelea.

Lori lilitupita likiwa na mzigo tu, bila watu. Lilipanda vizuri, halikuzimika hata kidogo. Watu wakanitazama, mnajua walivyonitazama. Mzee mmoja akasema amechakaza viatu bure. Nikamwambia kweli, bure, na namshukuru Mungu kwa hiyo bure. Juu tulimkuta dereva ametusubiri, injini amezima. Akafungua mlango wa mbele, akaniambia nikae kwake. Tukaenda mpaka taa za mji zikaonekana. Akasema, "Safari ijayo nitawashusha." Ndivyo anavyofanya mpaka leo.

Pombe sikuiacha siku hiyo, nisiwadanganye. Niliiacha polepole, nikirudi nyuma na kupanda tena. Tairi pia nilijifunza kulishika. Siku ya kwanza nilitapika, na fundi wa viatu aliyekuwa ananifundisha kazi akanisubiri. Leo nashona katambuga, viatu vya tairi, na wengi wenu mmezivaa humu ndani.

Namshukuru yule dereva wa Mbeya, ambaye unyayo wake haukuinuka. Yule mama, aliyezuia watu kwa mikono yake. Wale wenye kitanda, kiliharibika kwa damu yangu na hawakukidai. Yule bibi, Mungu ampumzishe. Kijana wa mkanda, sijui jina lake. Na huyu aliyenileta hapa mbele, sitamsifu sana, atanikasirikia.

Ninyi mnaochana mbao porini, mnaochimba visima vya kijiji, mnaovua Kasanga kwenye mawimbi, kazi zenu nazijua zina nini ndani yake. Waambieni wake zenu na waume zenu mnachokiogopa. Msiseme mnamsaidia dereva, basi. Na ukiona hatari, sema, hata kama hutaamriwa kusema, hata kama itakuwa bure.

Kesho asubuhi lori la kijiji linashuka Milepa kuchukua mpunga, na vijana wetu wa kwaya wamo. Mwenyekiti ameniomba nifunge kwa dua ya safari. Nitaomba, tusimame tuombe wote. Lakini wanangu, mkifika pale chini ya mlima mkirudi, msingoje kuambiwa. Shukeni.