Miezi Minane Bila Plau

Mwaka wa hamsini na nane, benchi la mbele ya duka la Mohanlal, karibu na stesheni ya Nakuru, lilikuwa na wenyewe. Upande mmoja alikaa Kipsang, aliyeitwa Gazeti kwa kuwa habari zote alizijua na kusoma hakujua. Upande wa pili Obura, fundi wa reli, waliyemwita Mluzi. Katikati yao Kiplangat, kikombe cha kahawa mikononi. Miaka kumi na tisa alikuwa ameswaga ng'ombe wa plau katika shamba la mzungu huko Njoro. Trekta ilipokuja, alipewa siku tatu ahame. Huu ulikuwa mwezi wa nane anazunguka mjini akitafuta kazi.

— Mimi nilipoachishwa nilikaa wiki tatu tu, alisema Mluzi. Hapa mtu wa spana hakosi. Wewe unajua ng'ombe peke yake, na mashamba yote yamenunua trekta. Watu wa plau mmemwagwa mjini siku moja.

— Ngoja dizeli iishe, alisema Gazeti. Nasikia huko Uarabuni imebaki mapipa mawili.

— Wacha uongo!

— Itaisha! Hizo trekta zitafungiwa ng'ombe zivutwe. Nani ataswaga? Kiplangat!

Wakacheka. Kiplangat naye akacheka, ila alichelewa kidogo, wenzake wakanyamaza akabaki anacheka peke yake.

Kijana mmoja mwenye sanduku, Micah, aliomba nafasi angojee gari la Kericho.

— Huko kazi iko? Kiplangat alimuuliza.

— Ya chai? Tele. Ndugu yangu alifika Jumatatu, Alhamisi akaandikwa. Sasa wewe mzee, miezi yote hii hapa unangoja nini?

Kiplangat alizungusha kikombe mikononi.

Mawazoni alikuwa akiona kaburi lililokuwa nyuma ya kibanda chao cha zamani, ndani ya shamba lisilokuwa lake. Kila Jumapili alitembea hadi Njoro, akasimama nje ya seng'enge, akarudi. Hakumwambia mtu.

Gari likapiga honi, Micah akaenda.

— Jumapili naenda Njoro kuaga, alisema Kiplangat. Jumatatu naenda Kericho.

— Kuaga nani? aliuliza Gazeti. Mzungu aliyekufukuza?

— Mke wangu.

Miezi minane walikuwa wamekaa goti kwa goti. Mluzi aliweka kikombe chake chini.

— Anaitwa nani?

— Alikuwa anaitwa Chepkemei.