Waya Mmoja Uliolegezwa: Fundi Shitanda Anapoiacha Karakana ya Redio

“Karakana ya redio ni Shitanda. Akienda, tufunge mlango, iwe stoo ya viti.” Maneno hayo aliyasema Bw. Lusweti, katibu wa kamati ya majengo, katika mkutano wa wafanyakazi mwezi uliopita, na baadhi yetu wakaitikia kwa kichwa. Nusu ya kwanza ni sifa. Nusu ya pili ni kosa, na ni heri lipingwe sasa kabla halijapigwa muhuri.

Bw. Japheth Shitanda anastaafu tarehe 31 Julai 1997, baada ya kukitumikia chuo chetu cha ufundi hapa Kakamega kwa miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa mwaka 1968 kutunza redio na vipaza sauti. Tangu hapo karibu hakuna mahafali wala mkutano wa wazazi uliosikika bila mkono wake. Mwaka mmoja kipaza sauti kilizima katikati ya hotuba ya mgeni rasmi, naye akakifufua kwa dakika mbili. Wapo waliomlaumu kwa haraka hiyo.

Lakini kilicholivusha jina lake lango la chuo ni visanduku vya fazi. Kwa asiyejua, kisanduku cha fazi hukaa kati ya gitaa la umeme na spika. Mpigaji akikikanyaga, sauti iliyokuwa safi inaingia mikwaruzo, inanguruma, inarefuka. Vya kiwandani vilitoka ng’ambo na havikufika huku kwetu. Mwaka 1990 Shitanda akaunda cha kwanza ndani ya mkebe wa jiometri wa bintiye. Transista alizitoa kwenye redio zilizokufa. Swichi ilikuwa ile ya kupunguzia taa, ya kukanyagwa kwa mguu, aliyoing’oa kwenye lori bovu la miwa. Lori hilo halijasogea hata hatua moja tangu siku hiyo, ila swichi yake imecheza harusi kuanzia Khwisero hadi Navakholo.

Wapo waliosema ni kelele za kuiga wageni. Waliosema hivyo hawajawahi kukaa karibu na mpiga shiriri. Uzi mmoja, upinde, na ule mkwaruzo unaoingia kifuani: baba yake Shitanda alikuwa mpigaji, na mwana alipoinama juu ya mikebe yake miaka hii yote alikuwa akiitafuta sauti ile ile. Wazee wa Shinyalu waliposikia gitaa likipita kwenye fazi yake hawakuuliza limetoka nchi gani. Waliuliza ni nani anayepiga shiriri kubwa hivyo.

Hakupatia mara moja. Kwenye sherehe moja kule Bukura, bendi ilianza asubuhi kwa mngurumo mzuri, na jua la saa sita lilipouchoma mkebe, gitaa likabaki kunong’ona. Transista za jeremania, zile za redio za zamani, hazivumilii joto. Shitanda akaufunika mkebe kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa maji, na muziki ukarudi. Watu walidhani ni dawa. Jumatatu akaanza upya: transista moja ya jeremania kwa utamu, moja ya silikoni kwa ustahimilivu. Mchanganyiko huo ndio tunaousikia hadi leo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Bw. Lusweti hakulijua, au alilijua akalipuuza. Shitanda hakuwahi kumpa mtu kisanduku kinachofanya kazi. Kila kimoja alikikamilisha, akakijaribu, kisha akalegeza waya mmoja. Mwenye kisanduku alipaswa kuutafuta na kuulehemu mwenyewe, hapo hapo karakanani, ndipo aondoke nacho. Asiyeweza kukifungua, alisema, bado hajakimiliki.

Bramwel, mwalimu na mpiga gitaa kutoka Navakholo, hakungoja kuambiwa. Mwaka 1992 alikichukua chake kwa pupa, akaenda nacho, akarudi kesho yake amefura. “Fundi, umenipea kopo limekufa.” Shitanda akamsukumia chuma cha kulehemu. “Halijakufa, mwalimu. Linakungoja.” Bramwel alihangaika saa nzima. Mwishowe mwanamke aliyekuwa akifagia chini ya meza akainuka, akainamia mkebe, akagusa waya kwa ncha ya kijiti. “Ni huu haujashika. Na wewe mwalimu, uliutingisha ukauruka mara tatu.”

Ndivyo Beldina Navalayo alivyoingia kwenye ufundi. Shitanda alimvutia kiti, na kwa miaka mitano hakuna waya aliomficha. Kipaza sauti cha mahafali ya mwaka jana, mlichokipigia makofi mkidhani ni kazi ya Shitanda, alikitengeneza Beldina. Mzee alikuwa nyumbani na malaria. Lakini kwenye daftari la ofisi bado ameandikwa mfagiaji. Huyo ndiye mnayetaka kumrundikia viti.

Fundi Shitanda, asante kwa kutufanya tusikie. Tunakuombea siku ndefu na tulivu huko kwenu Shinyalu, na majirani wenye redio nzima wasiokukatiza usingizi wa mchana. Tutaukumbuka moshi wa risasi yako ya kulehemia kila tutakapopita ule mlango, na tunataka tuukute wazi.

Kwa hiyo, Bw. Lusweti na wanakamati wenzako: Alhamisi kwenye sherehe, kabla ya chakula, mkebe wa mwisho wa Shitanda utawekwa mbele yenu, waya mmoja ukiwa umelegezwa. Chuma cha kulehemu kitakuwa kimeshapata moto. Utafuteni. Mkiupata, leteni viti vyenu. Mkishindwa, mkabidhini Beldina Navalayo ufunguo wa karakana mbele yetu sote, na kabla ya jua kuzama mlifute lile neno daftarini na kuandika: fundi.