Sindano Hakuwa Mlevi

Ndugu waombolezaji, anayesoma ni mjomba wa marehemu, lakini maneno ni yangu mimi bibi yake, niliyeishia darasa la tatu, na nimemwapisha asiruke mstari hata akitolewa macho.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Sindano, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1986 katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, nikampokea kwa mikono yangu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1994 hadi 2000, akajifunza ushonaji, na tarehe 9 Januari 2006 akaajiriwa katika kiwanda cha sare, meza ya kola, ambako mshono wake ulinyooka hata wenzake wakaufanya rula. Tarehe 14 Agosti 2010 aliolewa na fundi baiskeli, na tarehe 2 Novemba 2011 wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2014 jicho lake la kulia liliuma na kuingia ukungu, likapona lenyewe baada ya wiki tano, tukasahau. Mwaka 2016 miguu ikafa ganzi, akawa anayumba, ulimi mzito, kola zikapinda, akaniambia, "Bibi, miguu hii si yangu, nimeazimwa." Msimamizi wake, yule pale mstari wa pili mwenye tai ya kijivu, hakuuliza, akaandika barua tarehe 20 Juni kwamba anafukuzwa kwa ulevi, mtu ambaye hata dawa ya kikohozi ilimshinda, na tangu hapo mjukuu wangu akawa Chapombe, na bintiye shuleni akawa mtoto wa Chapombe.

Tarehe 11 Machi 2019 daktari wa mishipa ya fahamu alimpiga picha ya ubongo, akampima maji ya uti wa mgongo, akasema ni multipo sklerosisi, yaani kinga ya mwili inatafuna utando wa mishipa hiyo, kama panya anavyokula mpira wa waya wa umeme, na lile jicho ndilo lilikuwa mwanzo. Alichomwa sindano za kupunguza mashambulizi, zikamsaidia, ila miaka mitatu ilishapotea watu wakimnusa mdomo badala ya kumpima. Cheti cha daktari nilimpelekea msimamizi mara mbili, nikitaka neno moja tu lifutwe, akanijibu, "Bibi, faili limefungwa."

Alifariki tarehe 6 Mei 2024, saa nne asubuhi, kwa homa ya mapafu, akili zake timamu.

Tunamshukuru daktari aliyemwamini, mumewe aliyemuundia kiti cha magurudumu kwa baiskeli mbili, na majirani waliokisukuma. Wafanyakazi wenzake tutawashukuru kupitia msimamizi, aliyepangiwa kusema sasa hivi, lakini barua yake ninayo mkobani, ataisoma kwanza, neno kwa neno, kisha cheti cha daktari, mbele ya binti huyu, ndipo amsifu marehemu akipenda, na asitafute mlango, kiti changu nimekiweka hapo.

Pumzika kwa amani, Sindano, amani hiyo ni yako peke yako.